Mgongo Ulionishusha Mlimani

Mgongo wangu ulivunjika siku ya gulio, asubuhi, nikiinua ndoo ya maji. Sikuanguka wala sikugongwa na kitu. Niliinama kama nilivyoinama maisha yangu yote, nikashika mpini wa ndoo, na nilipoanza kunyanyuka nikasikia kitu kinakatika ndani yangu, kama kijiti kikavu kinachokanyagwa. Maji yakamwagika. Nikabaki nimepiga magoti kwenye tope, siwezi kusimama wala kulala, pumzi imenikaba.

Nayaandika haya kwa ajili ya wanawake wenzangu ambao hedhi imekoma, na ambao mtu akiwauliza habari za mgongo hujibu, "Ni uzee tu." Hata mimi ndivyo nilivyokuwa nikijibu.

Naitwa Salima. Kwetu ni juu ya Kinole, kwenye milima ya Uluguru, mahali ambapo pikipiki huishia chini na safari iliyobaki ni ya miguu. Tunalima ndizi na pilipili manga, na iliki kidogo kwenye kivuli. Shamba ni la ukoo wetu. Kwa sisi Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo mume wangu Rajabu aliponioa alihamia kwetu. Watu wa kwao walimcheka, naye akacheka pamoja nao, akapanda mipilipili kwenye kila mti uliokubali. Mungu alitujalia mtoto mmoja tu, Zuhura, ambaye ameolewa mjini Morogoro.

Hedhi yangu ilikoma mapema, wenzangu wa rika langu wakiwa bado wanaendelea. Nilipata yale majoto ya ghafla, jasho linanitoka huku wenzangu wamejifunika mablanketi, kisha yakapita na nikadhani nimemaliza. Masika moja nikateleza kwenye njia ya kisimani, nikaweka mkono chini kujizuia, ukavunjika. Nikafungwa hogo la plasta, mkono ukaunga, nikarudi shamba. Hakuna aliyejiuliza kwa nini mkono wa mtu mzima uvunjike kwa kuteleza kidogo namna ile. Baadaye kanga zangu zikaanza kuburuza chini. Nilidhani nazifunga vibaya.

"Mke wangu," Rajabu akanitania, "au unaota kwenda chini kama muhogo?"

Lakini ndani yake aliingiwa na wasiwasi, kwa sababu gulio lililofuata alirudi na kopo kubwa jeupe. Alikuta mwanamke anauza vidonge vya vitamini na kalsiamu, na kipaza sauti mkononi, anawaambia akina mama waliokoma hedhi kwamba mifupa yao inaliwa kimyakimya. Rajabu alisimama akasikiliza mpaka mwisho. Tangu siku hiyo alinipa kidonge mwenyewe kila tukimaliza chai ya asubuhi. Alinyoosha kiganja na kusubiri mpaka nimeze. Kopo likiisha, alinunua jingine. Nasi tukatulia, maana dawa ilikuwemo ndani, hospitali tungeendea nini?

Siku ya ndoo, kaka yangu Mussa na vijana wa jirani walifunga machela ya miti na blanketi wakanishusha. Njia ile nimeipita na mkungu wa ndizi kichwani nikiwa na mimba, na sikuwahi kujua ina mawe mengi kiasi kile. Kila walipokanyaga vibaya, nililia kwa sauti. Rajabu alitembea ubavuni kwangu amenishika kidole, kwa sababu hakuona mahali pengine pa kunishika bila kuniumiza.

Hospitali ya mjini tulisubiri kwenye korido tangu asubuhi mpaka jua lilipogeuka. Mabenchi yale ni ya chuma, na mgongo uliovunjika haujui ukae vipi juu ya chuma. Pembeni yangu alikuwapo mama mmoja mtu mzima kutoka Turiani, Bi Tatu, aliyevunjika nyonga kwa kuteleza kwenye tuta la mpunga. Mwanawe alikuwa anamkumbatia ili asiporomoke kwenye kiti cha magurudumu. Bi Tatu aliniona ninavyojikunja akaniuliza, "Mwanangu, ukiamka kitandani unaamkaje?"

"Nainuka tu, mama."

"Ndiyo maana unalia. Usiinuke kifudifudi wala chali. Jigeuze ubavu mzima kwa pamoja, kama gogo. Miguu itangulie kushuka, ndipo ujisukume kwa mkono. Mimi nimechelewa kujifunza, wewe jifunze leo."

Akanimenyea chungwa, akanipa nusu. Mpaka leo ninaamka hivyo. Kliniki iliyofuata nilimtafuta kwenye mabenchi yote. Nilimwona mwanawe amekaa dirisha la dawa amejifunga kaniki ya msiba, sikuwa na nguvu ya kumuuliza.

Daktari wetu alikuwa binti mdogo, rika la Zuhura. Aliweka picha ya mgongo wangu kwenye mwanga, akatuonyesha pingili ambazo zimebonyea, moja ya zamani na nyingine mpya.

"Mama, umewahi kuvunjika mahali pengine?"

"Mkono. Lakini niliteleza."

"Na hedhi ilikoma ukiwa na umri gani?"

Nilimtazama Rajabu nikaona aibu, maana mambo hayo hatukuwahi kuyasema mbele ya watu. Nilipomjibu daktari, aliandika, akasema mifupa yangu imekuwa myepesi, na kwamba kipimo chenyewe cha kupima uzito wa mifupa kingenipeleka Dar es Salaam, lakini kwa mivunjiko ile hahitaji kukisubiri ili aanze kunitibu.

Rajabu akasimama. Akafungua mfuko akatoa lile kopo.

"Daktari, dawa anatumia. Hajawahi kuruka hata siku moja, nampa mimi mwenyewe."

Daktari alilipokea, akasoma maandishi yote taratibu, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Baba, hujakosea kumpa. Mifupa inahitaji vitamini D na kalsiamu, na ataendelea navyo, ila atatumia nitakavyoandika mimi. Lakini hiki ni chakula cha mfupa. Mfupa wa mama umefika mahali ambapo chakula peke yake hakitoshi. Anahitaji dawa."

"Kwa hiyo nilikuwa namchelewesha?"

"Hukujua, baba."

Rajabu alijaribu kufunga kifuniko, kikamshinda. Tulipotoka alikaa na kopo lile mapajani kwenye Bajaji mpaka nyumbani kwa Zuhura. Nilitamani nimguse, ila nilikuwa nimelazwa kwa namna ambayo mkono haukumfikia.

Daktari alisema nisirudi mlimani. Nisibebe mzigo, nisiiname, nisipande pikipiki kwenye mashimo, nifike kliniki kila mwezi. Kwa hiyo nikawa mgeni wa binti yangu, Kihonda, kwenye nyumba ya vyumba viwili ya mkwe wangu.

Nataka nieleze habari za mkwe, kwa sababu wengi mtayapitia haya. Kwetu mama mkwe na mkwe hukaa mbali kwa heshima. Sijawahi kula naye sahani moja, wala yeye alikuwa hajawahi kunitazama usoni. Masanja ni Msukuma wa Shinyanga, mrefu, mpole, anafanya kazi kiwandani kwa zamu. Sasa mimi hapo nilikuwa sijiwezi, nimefungwa mkanda wa mgongo, nikikohoa najishika ukuta. Siku moja Zuhura alikwenda sokoni na mimi nikabanwa haja. Nilijikaza mpaka machozi yakanitoka. Masanja alikuwa sebuleni, ametoka zamu. Akanisikia.

"Shikamoo mama," akasema nyuma ya pazia, kana kwamba ndiyo kwanza amefika. "Naomba nikusaidie kwenda uani."

"Hapana, mwanangu. Nitamsubiri mwenzako."

Halafu akasema, "Mama, nimefumba macho. Nitafumba mpaka tufike. Wewe uniambie tu njia."

Akaingia kweli amefumba macho. Akaninyanyua kama unavyonyanyua chungu chenye ufa, na mimi nikawa namwelekeza: kushoto, kizingiti, taratibu, hapo hapo. Aligonga paji la uso kwenye mlango, hakufumbua. Kule ndani nililia, lakini si kwa maumivu. Hatukuwahi kulizungumza jambo lile. Ila Zuhura aliporudi alimuuliza, "Leo umegongwa na nini?" naye akajibu, "Mlango umeshuka, nitaurekebisha."

Zuhura alichoka. Nilimwona anavyochoka. Aliniogesha, alipika, alikimbilia cherehani chake, na wakati mwingine aliitikia "abee mama" kwa sauti ambayo mtoto hatakiwi kumwitikia mama yake. Baadaye anakuja kukaa miguuni pangu ananisugua nyayo. Mkiugua, wasameheni wanaowauguza kabla hawajaomba msamaha.

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kimoja kwa wiki. Nilitakiwa nikimeze kila Jumatatu alfajiri kabla ya kula chochote, kwa glasi nzima ya maji matupu, kisha nikae wima nusu saa, nisilale, la sivyo kitaniunguza koo. Kusema ni rahisi. Nusu saa kwa mgongo ule ilikuwa kama kukaa juu ya moto. Wiki ya kwanza nilishindwa, nikalala, kifua kikawaka siku nzima. Rajabu, aliyekuwa amerudi mlimani kutunza shamba, aliposikia akasema atanisaidia.

"Utanisaidia vipi nawe uko huko juu?"

"Nitakupigia. Tutaongea mpaka muda uishe."

Mtandao kwetu unapatikana kwenye jiwe moja tu, juu ya shamba. Basi kila Jumatatu baada ya sala ya alfajiri alipanda huko akanipigia. Nikishameza, simu inaita. Ananisimulia mbuzi aliyezaa pacha, nyani walivyomaliza mahindi ya jirani, nani kagombana na nani msikitini. Akiishiwa habari ananitajia miti mmoja mmoja, upi una pilipili na upi umekauka. Wakati mwingine nilimwambia siwezi tena, nalala, na yeye akasema, "Bado kidogo, Salima. Ngoja nikueleze hii moja." Nilijua hakuna hiyo moja. Alikuwa anaitunga hapo hapo.

Hivyo ndivyo nilivyohesabu wakati, kwa Jumatatu. Vuli ikaisha. Joto la mjini likaja, mkanda ukanitoa vipele. Siku za kliniki Rajabu alishuka na ndizi mbivu za Zuhura, akakaa nami kwenye korido, na jioni akarudi, kwa sababu aliona haya kulala kwa mkwe. Maumivu yakaanza kupungua. Nikaweza kutembea mpaka mlangoni, kutoka hapo milima inaonekana yote, na mawingu yameilalia. Daktari akasema nikiendelea hivi, kiangazi ataangalia uwezekano wa kuniruhusu nikatembelee nyumbani. Nilipomwambia Rajabu kwenye simu akasema, "Njoo. Uje taratibu, lakini njoo."

Masika ilipofika, Jumatatu moja nilimeza kidonge changu nikakaa ukingoni mwa kitanda, simu mapajani. Haikuita. Nikadhani mvua. Nusu saa ikapita. Zuhura akaja akasema, "Mama, muda umeisha, lala sasa."

"Baba yako hajapiga."

Akampigia. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena. Nikaendelea kukaa wima, sijui kwa nini, kana kwamba nikilala ndipo jambo baya litatokea. Chai ilipoa. Kisha simu ya Zuhura ikaita, na alikuwa kaka Mussa. Zuhura alisema "Abee, mjomba," akasikiliza, akakaa chini sakafuni.

Wanawake waliokwenda kisimani walimkuta njiani, chini kidogo ya lile jiwe, amelala ubavu. Alikuwa na presha ambayo hakuwahi kuitaja. Moyo ulisimama. Simu ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye nailoni isilowe.

Kwetu maiti haikai. Mazishi yalipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Zuhura alisema, "Mama, njia ile itakuvunja tena. Baki, mimi niende." Masanja alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akamwambia mkewe, "Tutakwenda naye." Akatafuta gari, wakanilaza kiti cha nyuma juu ya godoro.

Sisi wanawake hatuendi makaburini, hilo nalijua. Nilichotaka ni kuuona uso wake kabla hawajafunga sanda. Hilo tu. Lakini njia ya Kinole ilikuwa imekatika mahali pawili, gari likazama, tukasubiri trekta. Tulipofika Kinole ilikuwa inakaribia adhuhuri na mvua inamwagika. Wanaume wote walikuwa juu msibani. Masanja alikwenda kuangalia njia akarudi ametapakaa tope mpaka kiunoni.

Nikampigia kaka, maana makaburi ya ukoo yako karibu na lile jiwe la mtandao. "Mussa, nisubirini."

"Salima, maji yanaingia kaburini. Vijana wanayateka kwa ndoo. Na hakuna anayeweza kukubeba kwenye huu utelezi, tutazika wawili. Nisamehe, dada yangu."

Alikuwa analia. Mussa ni mkubwa wangu, na sikuwahi kumsikia analia.

Nikamgeukia Zuhura. "Nenda. Kimbia. Umwone kwa niaba yangu."

"Nikuache hapa, mama?"

"Mwambie nimefika Kinole."

Alivua viatu akakimbia. Mimi nilikaa kwenye baraza ya duka moja, mwenye duka akanifunika kwa gunia kavu na kanga ya mkewe. Masanja alisimama mbele yangu kuzuia manyunyu. Kaka aliacha simu wazi ili nisikie, na nikasikia kidogo, sauti ya shehe, mvua, watu wakiitikia amina, kisha majembe. Halafu mtandao ukakatika.

Zuhura alirudi jioni inaingia. Alipiga magoti mbele yangu, nywele zimeganda na tope.

"Nilimkuta bado hawajamfunga uso," akasema. "Walikuwa wananisubiri mimi."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia. Nilimnong'oneza sikioni. Nikasema, mama amefika Kinole."

"Uso wake ulikuwaje?"

"Kama siku zote akisikiliza mtu."

Hayo ndiyo niliyonayo.

Nilikaa eda nyumbani kwa mkwe, mjini, mbali na nyumba ya mume wangu. Shehe aliniruhusu kutoka kwenda kliniki tu. Nilikwenda nimejifunika, nikakaa kwenye mabenchi yale, na mahali pembeni yangu alipokuwa akikaa Rajabu palikuwa wazi. Binti daktari aliponiona alizunguka meza akanishika bega. Jumatatu ziliendelea kuja. Jumatatu ya kwanza nilitaka kukitupa kidonge. Zuhura alinishika mkono akakaa nami kitandani. Hakuwa na habari za mbuzi wala nyani. Alisoma majina ya wateja aliowadai pesa za magauni, na nguo ya kila mmoja, mpaka muda ukaisha. Nikajua tabia hiyo ameipata kwa baba yake.

Wenzangu, haya ndiyo niliyojifunza na nayasema kwa ufupi. Ukivunjika kwa jambo dogo baada ya hedhi kukoma, usishukuru tu kwamba umepona. Uliza kwa nini umevunjika. Ukiona unapungua urefu, kamwambie daktari. Vidonge vya vitamini visikufanye ukae nyumbani. Kavionyeshe hospitali wakuambie vinatosha au havitoshi. Kaa juani asubuhi, kula dagaa na mifupa yao, na ndoo uiinue kwa kukunja magoti. Mimi ninatembea sasa bila mkanda. Nimepinda kidogo, sitanyooka tena, lakini usiku nalala.

Kiangazi kilipofika, eda imekwisha na njia imekauka, daktari aliniruhusu. Kaka Mussa alileta vijana na machela Kinole wakanipandisha, Zuhura akifuata nyuma. Nilishuka machela uani ili niingie nyumbani kwa miguu yangu.

Nyumba haikuwa niliyoiacha. Jikoni, mafiga yalikuwa yamejengewa juu ya tuta la udongo lililosawazishwa vizuri, ili mpishi asiiname. Mtungi wa maji ulikuwa juu ya kichanja. Na kuanzia mlangoni kwenda uani zilisimikwa nguzo, na juu yake fito za mianzi zimefungwa, usawa wa mkono wa mtu wa kimo changu cha sasa, siyo cha zamani. Nilipitisha kiganja. Rajabu alikuwa amezikwangua zote, hakuna mahali palipochoma.

"Alikuwa anafanya jioni akitoka shamba," kaka akasema. "Alitukataza tusikuambie."

Nikashika ule mwanzi nikaenda nao. Ulinipeleka mpaka chooni, ukanirudisha, kisha ukageuka kuelekea kwa jirani yangu ambako nilizoea kwenda kusuka ukili. Zuhura alitaka kunifuata, kaka akamzuia.

Fito zilikoma katikati ya njia. Mbele yake kulikuwa na mashimo mawili yaliyochimbwa tayari kwa nguzo, masika imeyajaza udongo nusu, na majani yameanza kuota ndani yake. Nilisimama kwenye nguzo ya mwisho mpaka miguu ikachoka. Kisha nikageuka, nikashika mwanzi kwa mkono mwingine, nikarudi ndani.